Laini ya Chumba cha Nyuma

Mukendo, Musoma
28 Januari 2024

Mwanangu Twalha,

Assalaam alaykum, wewe na wote walio chini ya paa lako. Mimi mzima. Chakula kinapita, miguu inanitoa chumbani mpaka uani na kunirudisha, na kwa mtu aliye eda hiyo ndiyo safari yote. Wanaokuja kunipa pole wamepungua, sasa wamebaki wale wanaoipenda chai yangu. Marcelina jirani, yule muuza samaki wa kwao Bukima, hajaniacha hata siku moja. Ananiletea sato aliyekwisha kupikwa na kunisimamia mpaka nimalize, anasema kwao mfiwa hapikagi. Mkeo Samia hajambo? Mtoto ameota meno?

Sasa sikia vituko vya baba yako. Unajua simu yangu ya mkononi ilitumbukia kwenye pipa la maji siku ya matanga, akaninunulia nyingine. Hiyo nyingine siisikii, Twalha. Inalia kama kifaranga, na hata nikiisikia sijui nibonyeze wapi. Ijumaa kapiga, kapiga tena, mimi niko uani nafua. Kumbe kule Bunda ameshanizika! Akakodi gari, akafika hapa jasho linamtiririka, hodi hakubisha, mlango wa mbele akauvunja kwa bega. Akanikuta nakunywa uji. Kaka yangu Hamduni, na ndevu zake zote zile, akakaa chini sebuleni akalia.

Alipomaliza kulia akaanza amri. Eda ikiisha anakuja na gari la mizigo, nyumba inafungwa, nahamia kwake Bunda. Nikakataa. Akafoka, nikafoka. Mwisho tumepatana hivi: ile simu ya mezani ya marehemu, ambayo naisikia na naijua, ikae chumbani ninapolala. Yeye atapiga kila siku baada ya swala ya alfajiri. Nikipokea, nabaki kwangu. Eda ikiisha kabla simu haijaita chumbani, gari linakuja.

Simu iko sebuleni, na sebuleni ndiko wanakokaa wanaume wanaokuja kwa pole, siwezi kuwa natoka natoka. Lakini fundi wa nyaya za mtandao ni nani kwenye ukoo huu kama si wewe? Na tangu ile ofisi ipange hapa, nyumba hii imejaa soketi za mtandao kila ukuta. Njoo uniunganishie. Wewe ni mtoto wa kaka yangu, eda hainifichi kwako.

Sitaki kuondoka, mwanangu. Tulikaa banda la uani miaka yote ofisi ikiwa humu ndani, tukingoja zamu yetu. Zamu yenyewe ndiyo hii, na mwenzangu ameniacha njiani. Kwa Hamduni nitapendwa, najua, lakini nitakuwa mgeni wa kuulizwa kama nimeshiba.

Shangazi yako,
Hafidha

*

Butiama
11 Februari 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo, na nyingine ya Samia, na ya tatu ya mtoto ambaye sasa ana meno mawili na anang'ata watu wote bila kubagua. Nisamehe kuchelewa. Habari ya mlango nimeicheka mpaka Samia akaja kuninyang'anya barua.

Kazi hapa imenibana. Tunavuta nyaya kwenye jengo jipya na msimamizi hataki kusikia neno ruhusa. Kuja mwenyewe kwa sasa siwezi. Ningemtuma Bonifasi, fundi mwenzangu, ila nakujua: mwanaume wa nje aingie vyumba vya ndani ukiwa eda? Ungemtoa na ufagio.

Lakini usihuzunike, kazi yenyewe nyepesi, utaifanya wewe na Mama Marcelina. Soketi zote za nyumba zinaishia kwenye kile kisanduku cha chuma kilichoko stoo. Kila tundu la pale kisandukuni lina chumba chake. Ofisi walipohama mimi ndiye niliyefungua vifaa vyao, kwa hiyo nakumbuka vizuri: tundu la tatu ni sebuleni, la saba ni chumbani kwako. Mle ndani waliacha mashine nyeusi yenye taa. Hiyo ichomoeni kabisa muiweke pembeni, kwa sababu simu ikiita inatoa umeme unaoweza kuiua.

Kwenye kifurushi nimeweka nyaya mbili. Mweupe mrefu unatoka kwenye tundu la zamani la simu pale sebuleni na kuingia kwenye soketi ya mtandao iliyo pembeni yake. Kichwa cha waya wa simu ni chembamba kuliko tundu la mtandao, msiogope, kinakaa katikati na kinalia "ka". Hapo laini itakuwa imesafiri ukutani mpaka stoo. Wa bluu mfupi unafanya daraja kisandukuni, toka la tatu kwenda la saba. Halafu simu yenyewe ichomeke kwenye soketi ya chumbani kwako, inua mkono wake, utasikia laini inaunguruma. Hakuna cha zaidi.

Ukisikia tu, niandikie haraka.

Mwanao,
Twalha

*

Musoma
27 Februari 2024

Twalha,

Waalaykum salaam. Meno mawili! Mwambie Samia ajipake bizari kidogo kwenye chuchu, ataacha. Huku mvua imeanza na bati la jikoni linavuja palepale linapovuja kila mwaka.

Simu haisemi.

Tulifanya yote. Marcelina aliingia stoo na tochi, mimi nikakaa chumbani na mkono wa simu sikioni. Ile mashine nyeusi aliichomoa kwa heshima zote, akasema, "Hivi vitu mi nilikuwaga naviona ofisi ya kata, vinawakaga taa, mtu akivigusa anafukuzwa." Nikamwambia hapa mwenye kufukuza ni mimi, chomoa. Akachomeka daraja. Akapiga kelele toka stoo, "Mama Hafidha, inasema?" Nikamjibu, "Haisemi!" Akachomoa, akapuliza, akarudisha. "Na sasa?" "Kimya!" Tumepigiana kelele hivyo mpaka mgeni aliyekuwa sebuleni akaaga, nadhani alifikiri tunagombana. Sebuleni laini ipo, Marcelina amesikiliza mwenyewe, inaunguruma vizuri tu. Chumbani kama nimeweka sikio kwenye tofali.

Sasa na mimi nina swali. Wewe uko Butiama. Magari ya Butiama yanaingia stendi yetu kutwa. Mbona kifurushi chako kililetwa na kondakta wa basi la Bunda?

Eda haisubiri, Twalha. Omba hiyo ruhusa.

Hafidha

*

Butiama
22 Machi 2024

Shangazi yangu,

Ramadhani karim. Namwomba Mungu akupe nguvu ya mwezi huu, wa kwanza bila Mzee. Samia anasema futari imekosa mtu wa kuisifia. Baba mzima, anashona kanzu za Idi cherehani haipoi, na kila anayepita dukani anamweleza alivyovunja mlango, sasa mlango wenyewe umekuwa wa chuma.

Kifurushi nilimpa mtu aliyekuwa anapita Bunda, ndiyo maana. Usiwe askari, Shangazi.

Huenda waya wa bluu una hitilafu, nimekutumia mwingine nilioupima mwenyewe. Tundu la saba nina uhakika nalo asilimia mia, nililiandika kwa mkono wangu. Hebu nithibitishie kitu kimoja tu. Soketi ya chumbani kwako ni ile iliyo chini ya dirisha la upande wa ziwa, kushoto kwa kitanda cha Mzee? Maana kama ni hiyo, na waya ni mzima, hakuna sababu duniani ya simu kukaa kimya.

Ruhusa bado. Nivumilie.

Twalha

*

Musoma
4 Aprili 2024

Twalha,

Salaam. Mfungo unaenda. Waya mpya tumeuweka, kimya kilekile.

Soketi ni soketi. Iko nyuma ya mlango, nimeiinamia mpaka kiuno kinalia, na si mimi niliyeitengeneza. Usiniulize maswali ya mahakamani.

Jana Hamduni alikuja kunisalimia. Hakufoka, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alikaa tu, akaangalia makabati, akauliza kabati la vyombo linafunguka vipande au linabebwa zima. Ameshazungumza na mwenye gari. Nilimwandalia tende na kaimati za kufuturu, akala, akanishika kichwa kama alivyokuwa akinishika nikiwa mdogo, akasema, "Mdogo wangu, siwezi tena kukimbia njia ile nikidhani umekufa." Ana haki yake.

Lakini na mimi nina yangu. Naogopa, mwanangu. Nimekulea, sijawahi kukuomba kitu mara mbili, na hii sasa ni ya tatu. Njoo.

Hafidha

*

Butiama
15 Aprili 2024

Shangazi yangu kipenzi,

Idi imepita na sikuja kukushika mkono. Najua umekaa ukisikiliza kila gari. Naomba usinichukie. Kuna linalonizuia, na si uvivu wala dharau, nitakueleza eda yako ikiisha. Barua yako nimeisoma nikashindwa kula.

Nimeisoma tena na tena, mpaka nikaona neno moja. Umeandika soketi iko nyuma ya mlango. Chumba chenu kikubwa hakina soketi nyuma ya mlango, kina moja tu, chini ya dirisha. Chumba chenye soketi nyuma ya mlango ni kile cha nyuma cha kuelekea uani, ambamo ofisi walikuwa wanachemshia chai. Kidogo, hakina hata dirisha la maana.

Tundu la saba ni zima, Shangazi. Nyaya zote ni nzima. Nadhani laini imekaa kwenye chumba kikubwa tangu Februari, haina wa kuisikiliza.

Unalala wapi? Hulazimiki kunijibu. Cha chai ni tundu la kumi. Mwambie Mama Marcelina atoe kichwa kimoja cha bluu kwenye la saba akitie kwenye la kumi, na hapo utaisikia. Kama hutaki kuniambia sababu, usiniambie. Mimi mwenyewe nina yangu nisiyoyasema, siwezi kukulazimisha.

Anayekupenda,
Twalha

*

Musoma
29 Aprili 2024

Mwanangu,

Alaykum salaam. Nilikaa na barua yako chini ya mto siku kadhaa. Nilikukasirikia, kisha nikajikasirikia mimi, kisha nikachoka.

Ndiyo, nalala cha chai. Tangu siku ya mazishi. Wenzangu walipoondoka nilishika kitasa cha chumba kikubwa, mkono ukagoma. Alifia mle, Twalha, upande wake wa kitanda, akiniomba nimsogezee pazia aone mitumbwi. Nilimsogezea. Nilipogeuka nilikuwa bado nasimulia habari ya bei ya vitunguu, naye hayupo. Mpaka leo naona haya kwamba neno la mwisho alilosikia kwangu ni vitunguu. Kwa hiyo nilifunga mlango nikahamia kwenye mabuli ya ofisi, na sikumwambia mtu, kwa kuwa Hamduni angesema, "Unaona? Hata chumba chako mwenyewe kimekushinda." Angekuwa hajakosea.

Marcelina alijua. Anafagia humu kila siku, atakosaje kujua? Nilipomwuliza mbona alikaa kimya wakati tunahangaika na waya, akanijibu, "Wewe ulikuwa husemagi, mi niseme kama nani?"

Basi jana nikamwambia asichomoe kitu kwanza. Nikabeba simu mwenyewe. Nikafungua. Hewa nzito, vumbi, koti lake limening'inia. Nikapiga magoti chini ya dirisha, nikachomeka, ikalia "ka" kama ulivyosema, nikainua mkono wa simu. Ilikuwa inaunguruma! Miezi yote hii tulipokuwa tunapigiana kelele na Marcelina, yenyewe iko mle inaunguruma tu. Nililia mpaka Marcelina akaja kukaa sakafuni na mimi, na harufu yake ya dagaa, akanipapasa mgongo. Nikamweleza habari ya vitunguu. Akasema mumewe, cha mwisho alichomsikia ni akimtukana mbuzi.

Twalha, tulicheka. Mungu anisamehe, ndani ya chumba kile na eda yangu mwilini, tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Sijahamia. Nilidhani nitahamia lakini bado. Tumehamisha kichwa cha waya kwenda la kumi, na simu iko hapa cha chai kando ya kichwa changu. Ila mlango wa chumba kikubwa nimeuacha wazi, hewa iingie.

Leo baada ya alfajiri iliita. Nyumba nzima ikatetemeka! Nikapokea. Baba yako akauliza, "Nani?" Nikamwambia, "Ulitegemea nani, malaika?" Akavuta kamasi, akasema haya basi, akakata. Nadhani na mwenye gari ameambiwa asihangaike.

Kesho nakupigia wewe. Kaa tayari.

Shangazi yako, aliye kwake mwenyewe,
Hafidha

*

Butiama
9 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Bado nina furaha ya sauti yako mpaka Samia ananiigiza ninavyosema "Shangazi! Shangazi!" Baba amekubali mbele ya watu, na kwa baba yangu hiyo ni sawa na kuweka sahihi. Eda ikiisha unabaki kwako, yeye anakupigia alfajiri, na hakuna gari.

Jambo moja linanisumbua kama fundi. Tulipokuwa tunaongea, nikaenda kufunga mlango kwa ajili ya kelele za mtoto, niliporudi ulikuwa kimya. Nikaita, nikaita. Kisha ukasema haraka "haya mwanangu, salama" na kukata. Na tangu siku hiyo hujanipigia tena. Laini inakatika? Kichwa cha waya kwenye tundu la kumi huenda hakijakaa sawa. Mwambie Mama Marcelina akisukume kwa dole gumba mpaka kilie.

Usiache kuniambia, nisije nikawa nimekuunganishia kitu kibovu.

Twalha

*

Musoma
21 Mei 2024

Twalha mwanangu,

Assalaam alaykum. Eda yangu imeisha jana. Nimeoga, nimevaa dera la rangi ya kijani ambalo marehemu alikuwa analipenda, na asubuhi nimetembea mwenyewe mpaka mwaloni, kwenye soko la samaki, kumwamkia Marcelina mezani kwake. Watu wamenishangilia kama nimetoka Makka.

Ningeweza kukupigia, lakini ungenikatiza kwa "hamna shida, Shangazi, hamna shida". Kwenye barua huna pa kunikatizia.

Laini haina kosa lolote. Umefanya kazi nzuri kuliko ulivyotaka. Ulipokwenda kufunga mlango nilisikia kitu kinagonga sakafu, kikatulia, kikagonga tena. Hatua za mtu mwenye miguu mizima haziendi hivyo. Halafu kwa mbali nikasikia mwadhini, na mwadhini yule ni wa msikiti wa karibu na kwenu Bunda, sauti yake nimeizoea toka uko darasa la kwanza. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka unisikie.

Nikampigia Samia. Alijaribu kunidanganya, masikini, hajui. Nikamwambia, "Mwanangu, niambie mguu upi." Akaangua kilio. Kwa hiyo najua. Ulianguka toka kwenye ngazi huko Butiama, siku chache tu baada ya kumzika mzee. Mguu umevunjika sehemu mbili chini ya goti. Ukarudishwa Bunda, ukalazwa, ukafungwa plasta, ikafunguliwa, ukafungwa upya kwa kuwa mfupa uliunga vibaya. Hizo barua za "Butiama" uliziandika kitandani. Na baba yako alikaa sebuleni kwangu anakula kaimati, anajua!

Samia amenieleza na sababu. Ulisema, "Akijua atavunja eda aje." Nimeifikiria sana. Ningekuja, ni kweli. Ningetoka kwenye nyumba hii mchana kweupe na watu wakasema wanachotaka. Umenilindia heshima yangu na ya mzee ukiwa umelala chali na maumivu, na mimi huku nakuandikia barua za kukuhoji kama askari anayemsaka mtoro. Nimekusema moyoni vibaya sana, mwanangu. Sasa sina neno la kukulipa, ila nitakupiga, mguu ukipona.

Haya. Eda imekwisha na sababu yako imekwisha. Keshokutwa napanda basi la asubuhi. Nakuja na mafuta ya kukandia, na sato wa Marcelina, na ukali wangu wote, na sitaondoka mpaka nimekuona unatembea bila magongo. Mwambie baba yako asianze kufurahi. Sihamii. Nguo ninazobeba zinajaa kwenye kikapu kimoja.

Na alfajiri anaweza kuendelea kupiga simu huku Musoma kama anataka. Marcelina atalala humu nisipokuwepo, na nimemfundisha kupokea. Amesema anaona haya, hajui aseme nini kwa wakubwa. Nimemwambia asihangaike na maneno mengi, aseme tu kwamba mwenye nyumba ametoka kidogo, atarudi.

Shangazi yako,
Hafidha